Wanasesere wa Haja Rukia

Binti yangu ana wanasesere sita, na hakuna hata mmoja anayefumba macho. Wamechorewa macho huko kiwandani, rangi ikakauka, na wataangalia dari hadi siku watakapotupwa. Juzi alifungua boksi la huyo wa sita, zawadi ya Idi, ikatoka harufu kali ya plastiki mpya, harufu ya dukani. Nikajikuta nainusa kwa bidii, natafuta ndani yake harufu nyingine ambayo haikuwemo: plastiki ya zamani iliyopata joto la dirishani, mafuta ya nazi na mafuta ya cherehani. Ninyi mliokua Bujumbura wakati mmoja nami mna harufu zenu, za ndagala, dagaa wa ziwani, wanaoanikwa, za mikate ya asubuhi, za mvua ya kwanza juu ya vumbi la mtaa wetu wa Buyenzi. Mimi yangu ni hiyo, harufu ya kabati la shangazi yangu.

Nilitolewa kwa shangazi nikiwa na miaka sita. Nasema nilitolewa kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa na hakuna aliyeona ajabu. Baba alikuwa Rumonge akifanya biashara ya mawese, ana watoto saba, na dada yake mkubwa alikuwa Buyenzi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu. Basi nikafungiwa nguo zangu katika kanga, nikapandishwa gari, nikalia siku mbili, siku ya tatu nikasahau kulia. Shangazi hakunibembeleza. Aliniambia tu kwamba mtu akilia anakunywa maji mengi, na maji tunayachota mbali, kwa hiyo nichague.

Watu walimwita Haja Rukia, maana alishakwenda Maka. Babu wa baba yake alitoka Omani, lakini yeye mwenyewe Omani aliijua kwa kuhadithiwa tu, na Kiarabu chake kilikuwa cha kwenye mkeka wa sala na cha kumkemea paka. Hakuwa na mtoto. Aliwahi kuolewa, akaachika, na jambo hilo alilizungumza kama mtu anayezungumzia nyumba aliyowahi kupanga. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye ulimi, na alikuwa na vidole ambavyo sijaviona tena kwa mtu mwingine yeyote, virefu na vyepesi, vinavyojua vinakokwenda.

Sebuleni kwake palikuwa na kabati la kioo ambalo katika nyumba nyingine lingekaa vikombe vya wageni. Vikombe vya shangazi vilikaa jikoni ndani ya ndoo. Kabatini walisimama wanasesere kumi, kila mmoja mrefu kama mkono wangu wa wakati ule, wasichana wa Kizungu wenye viuno vyembamba na nguo za mtindo wa zamani: sketi fupi, buti za kufika magotini, makoti ya vifungo vikubwa. Hawa hawakuwa watoto wachanga wa kubebwa mgongoni. Walikuwa mabibi wa mjini. Na kila mmoja alikuwa na kitu mwilini chenye kusogea, maana hilo ndilo lilikuwa sharti la shangazi. Mwanasesere mzuri wa kukaa tu, hata akiwa na dhahabu, hakumtaka.

Alikuwapo aliyefumba macho ukimlaza na kuyafumbua ukimsimamisha. Alikuwapo aliyeota nywele: unambonyeza kitovu, unavuta, nywele zinatoka utosini hadi kiunoni, kisha unazungusha kijifunguo mgongoni zinarudi ndani polepole. Mwingine ukimnyanyua mkono aligeuza shingo na kutabasamu. Mwingine alikuwa na kijiti nyuma ya shingo cha kumfanya aangalie kulia na kushoto bila kugeuza kichwa, na huyo shangazi alimwita Jirani. Jirani wetu wa kweli, Mama Shabani, alijua kabisa kwamba jina lile alipewa yeye, na akanyamaza kwa sababu ilikuwa kweli.

Walitoka wapi, hao mabibi? Wengi waliachwa na Wabelgiji na Wagiriki waliohama zamani, wakazunguka kwa mayaya na watoto wa mayaya, wakaishia soko la mitumba bila mguu, bila jicho, nywele zimekuwa kama nyuzi za mkonge. Shangazi aliwajua kwa kuwageuza na kupapasa shingo kwa nyuma, mahali palipopigwa muhuri. Akipapasa na kunyamaza, ujue amepata. Akianza kulalamika kwamba ni kichafu, hakina maana, atampa nani takataka hii, ujue amepata zaidi.

Kuwafufua ilikuwa kazi yake na raha yake. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa fundi saa mjini, na shangazi alikulia chini ya meza yake akiokota vijiskurubu vilivyoanguka. Mkono wa kazi ile aliurithi yeye. Duka lakini walipewa wanaume, wakaliuza. Yeye akaomba sanduku la zana tu, na hakuna aliyemnyima, maana mwanamke atafanya nini na kibano na bisibisi nyembamba kama sindano? Alifanya alivyotaka. Alikuwa akimvua mwanasesere kichwa, anakitia katika maji ya vuguvugu kilainike, anachungulia ndani kwa lenzi ya babu. Kila mara ugonjwa ulikuwa mmoja: joto la Bujumbura limekula mpira wa ndani unaovuta macho. Alikata utepe mwembamba kutoka katika mpira wa gurudumu la baiskeli, akaufunga, akatia tone la mafuta ya cherehani, akakirudisha kichwa. Kisha alimsimamisha mezani, na kope zile zilizofungwa miaka mingi zikapanda. Hapo shangazi aliniambia kila mara maneno yale yale: "Angalia, ameamuka."

Mimi sikuruhusiwa kucheza nao. Niliruhusiwa kuwafuta vumbi siku ya Ijumaa baada ya sala, na kila Ijumaa nilichagua mmoja wa kumbonyeza au kumvuta mara tatu, si mara nne. Siku nyingine niliwaangalia kupitia kioo. Sikuwaona kama wanasesere. Niliwaona kama wageni waliokuja kukaa na ambao, kwa sababu fulani ya watu wazima, hawakupewa chakula.

Kile nilichokuja kukielewa baadaye kuliko wote ni kwamba shangazi alikuwa anapofuka. Kulikuwa na ukungu mweupe ndani ya macho yake, ule uitwao mtoto wa jicho, na uliongezeka kila mwaka. Nilipofika kwake alikuwa bado anatia uzi kwenye sindano akienda uani penye mwanga. Mwaka uliofuata nilitia mimi. Kisha akaanza kunituma nimsomee muhuri wa shingoni, kisha nimwambie nyanya ipi imeiva, na mwishowe tulitembea mjini mkono wake umeshika bega langu, wala si kwa mapenzi. Uso wangu aliujua kwa vidole. Kila jioni baada ya kuniosha alinipapasa paji la uso, pua na kidevu, akisema anahakikisha hawajambadilishia mtoto.

Yule wa mwisho, wa kumi na moja, tulimpata mtaa wa Kinindo. Familia moja ya Wazungu ilikuwa inahama, imetandaza vitu barazani, na habari zikafika Buyenzi kabla ya vitu vyenyewe kupangwa. Tulikwenda kwa teksi ya jamaa. Katikati ya sufuria na mapazia alikaa mwanasesere mwenye kichwa kikubwa kuliko mwili, macho kama visahani, na kamba yenye pete ikitoka kisogoni. Shangazi aliivuta. Ndani ya kichwa kitu kikalia ta, kama kufuli, na macho yakafumba na kufumbuka yakiwa na rangi nyingine. Nikapiga ukelele. Shangazi akanibana bega.

"Rangi gani?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

Nikamwambia kijani. Akavuta tena. Buluu. Akavuta tena. Rangi ya asali. Akavuta tena, nikamwambia zambarau. Akavuta mara ya tano ikarudi kijani. Nilimwona shangazi amesimama pale na midomo imefunguka kidogo, ameelekeza uso wake kwa kitu asichokiona. Alimsikia kila alipobadilika, na hakuona hata rangi moja. Tuliporudi hakumweka kabatini. Alilala naye kitandani upande wa ukutani, na asubuhi kabla ya uji nilikuwa nasikia ta, ta, ta, ta, na sauti yake ikiita moja moja: kijani, buluu, asali, zambarau. Alimwambia Mama Shabani kwamba kuna jambo moja tu ameliomba, Mungu ampe macho siku moja tu aone rangi nne za yule pupe, kisha hata akiyachukua hatalalamika. Pupe ndilo neno letu la mwanasesere. Mama Shabani alimjibu kwamba watu wanaomba Pepo, yeye anaomba pupe.

Sasa njoo kwangu, mtoto wa miaka minane mwenye akili nyingi mahali pasipotakiwa. Chuoni, pale tulipojifunza Kurani, Maalim alikuwa ametufundisha kwamba wanaotengeneza sanamu wataambiwa Kiyama wazitie roho, na hawataweza. Wenzangu waliitikia wakaendelea kuchoma nzi kwa vijiti. Mimi niliganda. Kwetu kulikuwa na mtu aliyeweza. Niliona kwa macho yangu: kichwa kilichokufa kinaingia mikononi mwa shangazi, kinatoka kinaona. Na kila mmoja alipoamka, shangazi aliona kidogo kuliko jana. Nilipiga hesabu juu ya mkeka wa chuo nikamaliza kabla ya wengine kumaliza sura. Ule uwezo wa kuona ulitoka mahali. Ulitoka kwake. Kumi walikuwa wamesimama kabatini wakiangalia kwa macho ya shangazi yangu, na yule wa Kinindo, mlafi, alikuwa amechukua rangi nne peke yake.

Sikumwambia mtu. Mambo ya namna ile hayasemwi.

Kisha ikaja habari kwamba daktari wa macho amekuja hospitalini kwa wiki chache na anapasua. Baba alituma neno kutoka Rumonge, Mama Shabani akamsindikiza shangazi na kurudi jioni, na mimi nikaachwa kwake na ufunguo wa nyumba shingoni ili nilishe kuku. Siku ile ya kwanza nilimsikia Mama Shabani akiwaambia wanawe kwamba wengine wanapasuliwa na hawaoni tena, ni bahati ya mtu. Usingizi uliniruka. Nilijua kwa nini hao wengine hawaoni. Daktari anafungua macho, lakini kama kilichokuwamo kimeshachukuliwa, atarudisha nini?

Kesho yake baada ya shule nililisha kuku, nikafunga mlango wa uani, nikafanya kazi niliyoijua. Ninyi mtashangaa mtoto ameijulia wapi. Mama Shabani ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa kike katika mtaa wetu, na sisi watoto wa kike tulibeba ndoo, tukachungulia, tukafukuzwa, tukarudi. Nilijua kwamba maiti hufumbwa macho kwanza. Hao kumi niliwalaza tu na wale wenye kope wakafumba. Jirani alikataa, nikamfunga kitambaa. Yule wa Kinindo nilimvuta kamba nusu, mahali kope zinapokutana, nikaikaza kwa uzi isirudi. Niliwaosha katika beseni, upande wa kulia kwanza, mara tatu, na niliona aibu kidogo kwa sababu walikuwa wanaelea. Niliwatia pamba. Kisha nikatafuta kitambaa cheupe, na katika sanduku la chini ya kitanda cha shangazi, chini kabisa, nikakipata: kirefu, kikubwa, kimekunjwa vizuri, kinanukia kafuri. Nikashukuru Mungu kwa kunirahisishia. Nikachukua mkasi.

Nilichimba nyuma ya jiko, mahali ambapo ardhi ilikuwa laini. Niliwalaza kwa ubavu wa kulia, kichwa upande wa milima, miguu upande wa ziwa, uso kwenye kibla. Kwetu kibla iko kaskazini, upande wa Kinama, na mimi siku zile niliamini kwamba Maka ni mji unaofuata baada ya Kinama, kidogo tu, na kwamba watu walikwenda kwa ndege kwa sababu ya majivuno. Maalim alikuwa amesema safu tatu ni bora, kwa hiyo nilipanga ndara zote za nyumba safu mbili nyuma yangu, nikasimama mbele, nikawasalia kwa takbira nne, bila kurukuu. Nikafukia. Jioni ilinyesha mvua kubwa, nikafurahi, maana nilisikia mvua baada ya mazishi ni rehema.

Shangazi alirudi siku ya tano. Bandeji zilikuwa zimetolewa hukohuko, na alishuka kwenye gari bila kumshika mtu. Alisimama mlangoni akaangalia. Alisema kuta hizi zimeoza na hakuna aliyemwambia. Alimgeukia Mama Shabani, aliyekuwa amebeba mfuko wake, akamwambia amezeeka sana, na Mama Shabani akamjibu kwamba yeye pia kioo kinamsubiri ndani. Kisha akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga, vidole vyake safari hii vimetulia.

"Kumbe we una pua ya baba yangu," alisema. "Na hakuna mutu aliniambia."

Moyo wangu ulitaka kupasuka. Nilikuwa nimefanya mimi. Si daktari, ni mimi. Nilingoja tu aulize, na akauliza mapema kuliko nilivyotarajia, kwa sababu alikuwa tayari amekwenda chumbani kwake na kurudi sebuleni, amesimama mbele ya kabati tupu. Alisema anatafuta yule wa Kinindo, wa kamba. Alisema sauti yake ikiwa bado ya kicheko, kama mtu anayedhani amefichiwa.

"Nimemuzika, shangazi," nikasema. "Na wale wengine. Wote. Mi nilitaka macho yako irudi, na imerudi."

Mama Shabani alikaa chini. Shangazi hakukaa. Aliniuliza nimewazika vipi, na mimi, kwa fahari, nikaeleza kila kitu kwa mpangilio, kuanzia pamba. Nilipofika kwenye kitambaa, nikasema nilikitoa katika sanduku chini ya kitanda, kile cheupe chenye harufu, nilimwona Mama Shabani ameweka mkono mdomoni.

"Ni ile ya Maka," alisema. "Haja, amekata ile ya Maka."

Hapo ndipo nilipoambiwa. Watu waliokwenda Hija zamani walinunua huko sanda yao, wakaichovya katika maji ya Zamzamu, wakaikausha na kurudi nayo, wakaiweka kwa ajili ya siku yao. Shangazi aliibeba ile juu ya magoti njia nzima asije akaipoteza pamoja na mizigo. Ilikuwa imemngoja miaka mingi chini ya kitanda. Mimi niliikata vipande kumi na kimoja, nikawafunga navyo wasichana wa sketi fupi.

Nililia namna ambayo mtoto hulia anapogundua kwamba ameharibu kitu ambacho hata jina lake hakulijua. Shangazi aliningoja nimalize. Kisha akaniuliza kama niliwalaza kwa ubavu wa kulia. Nikasema ndiyo. Akauliza kibla. Nikaonyesha Kinama. Akauliza takbira ngapi. Nikasema nne. Akamgeukia Mama Shabani.

"Umesikia? Mashehe wengine wanakosea." Akajifuta macho kwa upande wa kanga, taratibu, kama alivyoagizwa na daktari. "Basi mi sasa siwezi kufa. Sina nguo."

Tulikwenda nyuma ya jiko tukawafukua, yeye ameinama na jembe, mimi kwa mikono. Maji yalikuwa yameingia vichwani mwao wote. Springi za ndani zilishika kutu, tope jekundu lilitoka puani mwa Jirani, nywele za yule wa kitovu zilitoka hadi kiunoni na hazikurudi tena. Shangazi alihangaika nao wiki nyingi pale mezani, anaona kila skurubu kwa macho yake mapya, na hilo ndilo lililonichoma, kwamba anaona vizuri hivyo na cha kuonwa kimekufa. Watatu waliamka. Yule wa Kinindo hakuamka. Kope zilibaki zimekutana pale pale nilipozifunga, na kamba ilipovutwa haikulia ta, ilikwaruza tu.

Hakunipiga. Hakunirudisha Rumonge, ingawa baba alisema angeelewa. Lakini asubuhi moja nilimkuta kitandani amemshika mwanasesere yule kifuani, na alipoona nimesimama mlangoni aliniambia nimwambie zile rangi. Nikamwambia kijani, buluu, rangi ya asali, zambarau. Akaniuliza zambarau ya namna gani, ya biringanya au ya maua. Nikasema ya maua. Tangu hapo aliniuliza mara moja moja, miaka na miaka, hata nilipokuwa naishi Kinanira na mume wangu na kuja kwake Jumapili tu, na nilimjibu vilevile. Leo siwezi kuapa. Nimejibu mara nyingi mno hata sioni tena jicho lenyewe, naona jibu langu.

Jambo la sanda lilikuwa mzaha wake kwa watu wote. Akiugua, akiulizwa hali, alisema hana wasiwasi, Izraili akija atamkuta hajavaa na ataona haya atarudi. Wapwa zake walipokwenda Hija walimuuliza kama wamletee nyingine, akakataa. Mimi mwenyewe nilimpa pesa ya kitambaa mara mbili, akanunua sukari. Nilidhani ndiyo adhabu yangu, kwamba ataninyima kusahau.

Amefariki mwaka huu, asubuhi, akiwa amekwisha kusali. Nilipofika Buyenzi nyumba ilikuwa imejaa. Mama Shabani bado yupo. Yeye haoshi tena, anakaa kwenye kiti mlangoni mwa chumba na kuwaongoza wanawake vijana kwa fimbo. Walikuwa wanauliza sanda. Nikasema hana, nitatuma mtu sokoni sasa hivi. Mama Shabani aliniambia nitazame kwanza chini ya kitanda.

Sanduku lilikuwa pale. Chini kabisa, kimekunjwa vizuri, kulikuwa na kitambaa kikubwa cheupe kilichogeuka rangi ya maziwa. Nilikifungua juu ya kitanda. Vipande kumi na kimoja vilikuwa vimeshonwa pamoja kwa mkono, mshono mwembamba, sawasawa, wa mtu anayeona, na madoa ya tope la nyuma ya jiko yalikuwa yamefuliwa yakabaki hudhurungi hafifu. Sijui alishona lini. Nililala chumba cha pili miaka kumi na mitatu na sikuwahi kumwona na sindano ile.

Mmoja wa waoshaji alisema kwa upole kwamba sanda haishonwi, na hii imejaa viraka, watu watasemaje. Mama Shabani aliomba apewe. Alipitisha vidole vyake juu ya mishono, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, mpaka pembeni.

"Ya kununua mutaweka juu," alisema. "Hii itakuwa ya ndani, ya mwili. Na mwenye aliikata ndiye ataifunga."

Wale wanawake walitazamana wakitafuta ni nani. Nikavua saa na pete nikaziweka dirishani, nikakunja mikono ya gauni, nikaingia.